Ngwe moja, ujira mmoja: Sheria ya ubaguzi kazini imefika hadi shambani

NILIPOKUWA mwanafunzi wa uchumi kilimo, nikikusanya takwimu za gharama za uzalishaji wa mpunga mkoani Morogoro, mkulima mmoja alinifungulia daftari lake la msimu. Lilikuwa daftari zuri, lililotunzwa na mtu anayejua thamani ya shilingi yake. Mbegu zilikuwa na ukurasa wake, trekta ukurasa wake, na kuamia ndege ukurasa wake.

Ukurasa wa palizi ndio ulionishangaza. Ulikuwa na safu mbili za ujira. Ya kwanza iliandikwa "wanaume", ya pili "wanawake". Tarehe zilikuwa zilezile, shamba lilelile na magugu yaleyale. Kilichotofautiana ni malipo tu, na safu ya wanawake ndiyo iliyokuwa ndogo.

Nilipomuuliza sababu, mzee yule alinitazama kama nimemuuliza kwa nini jua linachomoza mashariki. "Ndivyo bei ya huku ilivyo, mwanangu," alijibu, kisha akaendelea kunisomea gharama za mbolea.

Nami nikafanya kosa ambalo nalikumbuka hadi leo. Nilichukua wastani wa safu zile mbili, nikaujaza kwenye dodoso kama "gharama ya kibarua kwa siku", nikasonga mbele. Ripoti ilipita na hakuna aliyeniuliza chochote. Lakini ile tofauti niliyoifukia ndani ya wastani ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Makala haya yanaizungumzia tofauti hiyo, na nyingine zinazofanana nayo: kibarua anayekataliwa kwa sababu ni mjamzito, muuza duka anayeachishwa baada ya kujulikana kuwa anaishi na virusi vya Ukimwi, mlemavu anayefukuzwa getini kabla hajaulizwa anaweza kufanya nini. Sheria inayowalinda imepanuka sana tangu 2004. Swali ni kama wakulima na wafanyabiashara wadogo tumeisoma, na kama inawafikia wale wanaoihitaji zaidi.

Sheria ilivyopanuka

Kwa miaka mingi, mahusiano ya mwajiri na mfanyakazi Tanzania Bara yaliongozwa na sheria kongwe. Mojawapo ni Sheria ya Ajira, Sura ya 366, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Nyingine ni Sheria ya Usalama wa Kazi ya 1964. Hizo hazikuwa na katazo pana la ubaguzi kama tulilonalo sasa.

Mwaka 2002 Tanzania iliridhia mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani (ILO): Mkataba Na. 100 wa 1951 unaohusu ujira sawa kwa wanaume na wanawake, na Mkataba Na. 111 wa 1958 unaohusu ubaguzi katika ajira. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, ambayo ilianza kutumika Desemba 2006.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo ndicho kiini cha mada yetu. Kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, kwa njia ya moja kwa moja au isiyo ya moja kwa moja, kwa sababu ya rangi, uraia, kabila au mahali alikotoka, asili yake, maoni ya kisiasa, dini, jinsi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, Ukimwi, umri au hali yake katika maisha. Unyanyasaji unaotokana na mojawapo ya mambo hayo nao unahesabiwa kuwa ni ubaguzi.

Baada ya hapo sheria nyingine zimeongeza matofali kwenye ukuta huo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, ilifanya kuwa kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira au upendeleo mwingine. Sheria ya Ukimwi, Na. 28 ya 2008, ilikataza ubaguzi dhidi ya wanaoishi na virusi na kuwalazimisha watu kupima, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi kuhakikisha kuwa wenye ulemavu hawapungui asilimia tatu.

Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa tena. Mama anayejifungua mtoto njiti aliongezewa muda wa likizo, na viwango vya fidia kwa mfanyakazi aliyeachishwa isivyo halali vikapangwa upya kulingana na kosa la mwajiri, badala ya kuwa na kiwango kimoja kwa makosa yote.

Majirani nao hawakubaki nyuma. Uganda ilitunga Sheria yake ya Ajira 2006 na Kenya 2007, na zote zinakataza ubaguzi kazini. Zanzibar inayo yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Kwa hiyo mfanyabiashara wa nafaka anayeajiri wapakiaji Namanga hakwepi wajibu huu kwa kuvuka mpaka.

'Mimi si kampuni'

Wakulima wengi nikizungumza nao habari hizi hunijibu kwamba wao si kampuni. Wana vibarua sita wakati wa palizi na kumi wakati wa kuvuna, basi. Mwenye duka la pembejeo hunieleza kwamba ana binti mmoja tu wa kuuza.

Hapo ndipo penye kosa. Katazo la ubaguzi halina idadi ya chini ya wafanyakazi. Aliyeajiri mmoja na aliyeajiri elfu moja wote wanaguswa na kifungu cha 7. Idadi inahesabika katika mambo mengine, kama ile asilimia tatu ya wenye ulemavu inayoanzia kwa mwajiri wa watu 20.

Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa hakuna mkataba wa maandishi, basi hakuna ajira. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inasema vinginevyo. Inatoa vigezo vya kumchukulia mtu kuwa ni mfanyakazi hadi ithibitike vingine. Kimojawapo ni kuwa amemfanyia mtu yule kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Vingine ni kufanya kazi chini ya maelekezo ya mtu huyo, au kutumia vifaa vyake. Kibarua anayeingia shambani kwako kila asubuhi kwa miezi mitatu, akitumia jembe lako na bomba lako la dawa, amekwishavuka mstari huo zamani.

Jambo la tatu lisilojulikana sana ni kwamba kifungu cha 7 kinamlinda hata anayeomba kazi. Matangazo, usaili na vigezo vya kuchagua vyote vimo ndani ya sheria. Sote tumeyaona matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme: "Anahitajika msichana wa kuuza duka, umri 18 hadi 25, asiwe na mtoto." Tangazo hilo moja limegusa jinsi, umri na majukumu ya familia. Aliyelibandika ameacha na namba yake ya simu chini, hivyo ushahidi dhidi yake ameutoa mwenyewe.

Ubaguzi wa waziwazi na wa kujificha

Safu mbili za daftari la yule mzee ni ubaguzi wa moja kwa moja. Kila mtu anauona. Ule usio wa moja kwa moja unavaa nguo za kanuni inayowahusu wote.

Chukua mfano wa ghala la mazao linalotafuta karani wa mizani. Mwenye ghala anasema kila mwombaji lazima aweze kunyanyua gunia la kilo 100 peke yake. Kanuni hiyo haijamtaja mwanamke wala mlemavu, lakini matokeo yake ni kuwaondoa karibu wote. Je, karani wa mizani hubeba magunia? Hapana. Anasoma mizani, anaandika na kutoa stakabadhi. Kwa kazi hiyo sharti la kilo 100 halina msingi.

Sheria inaruhusu kuchagua kwa kuzingatia hitaji halisi la kazi. Ukitafuta dereva wa trekta, una haki ya kudai leseni na macho yanayoona. Ukitafuta mpakiaji wa lori, una haki ya kudai nguvu. Kipimo ni kimoja: sharti hilo linatokana na kazi yenyewe, au linatokana na mazoea yetu kuhusu nani anafaa kufanya nini?

Mtu mwenye ualbino anaweza kukataliwa shambani kwa maelezo kwamba jua litamdhuru. Maelezo yanaonekana ya huruma. Lakini shamba lina kazi nyingi za kivulini: kuchambua mbegu, kufungasha, kupima, kutunza kumbukumbu. Mwajiri mwenye nia njema huuliza ni kazi ipi inamfaa kabla ya kumrudisha nyumbani.

Lipo pia suala la kazi zenye thamani sawa. Kwenye mabanda ya kufungashia mboga, mara nyingi wanawake ndio wanaochambua na kufungasha, na wanaume ndio wanaopakia magari. Mwajiri huweza kusema hakuna ubaguzi kwa kuwa kazi ni tofauti. Sheria ya 2004 inamtaka achukue hatua za kuhakikisha kuwa wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mchambuaji akikosea, boksi lote la maharage machanga linaweza kukataliwa na mnunuzi wa nje. Stadi yake, umakini wake na wajibu alioubeba vina bei. Misuli siyo kitu pekee kinachopimwa.

Pale ubaguzi unapokula faida

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Weka za kwako.

Tuseme una ekari tano za mpunga, na palizi moja inahitaji vibarua wanane kwa ekari kwa siku moja. Hizo ni siku-kazi 40. Nusu ni wanawake, yaani siku-kazi 20. Mwanaume unamlipa Sh10,000 na mwanamke Sh8,000. Kwa kuwapunja wanawake umeokoa Sh2,000 mara 20, sawa na Sh40,000.

Jirani yako anawalipa wote Sh10,000. Wanawake kumi wazoefu wanahamia kwake. Wewe unabaki kutafuta watu, palizi inachelewa wiki nzima, na magugu yanakula mbolea uliyoinunua kwa bei ya juu. Ukipoteza gunia moja tu kwa kila ekari, na gunia likawa Sh80,000, umepoteza Sh400,000. Umeokoa arobaini ukatupa laki nne.

Tena hapo hatujahesabu kazi inayofanywa na mtu aliyekasirika. Anayejua kuwa mwenzake wa pembeni analipwa zaidi kwa ngwe ileile hujipunguzia kasi mwenyewe hadi ajira na jasho vilingane. Kila msimamizi wa shamba analijua hilo, hata kama hajawahi kuliandika.

Soko nalo limeanza kuuliza. Vyeti vya biashara ya haki na miongozo ya wanunuzi wengi wa Ulaya vina masharti ya kutobagua wafanyakazi. Kikundi cha wakulima wanaouza mboga au kahawa kupitia mnunuzi mwenye cheti kinaweza kutembelewa na mkaguzi, akaomba karatasi za malipo. Safu mbili za ujira zitamfanya aulize maswali ambayo majibu yake hayapo.

Pale ubaguzi unapolipa

Ningeweza kuishia hapo, nikawaambia wasomaji kwamba ubaguzi ni hasara na mwenye akili ataacha mwenyewe. Wachumi wengi tunapenda kuishia hapo. Lakini si kweli yote.

Upo ubaguzi unaomlipa mwajiri, na ujauzito ndio mfano mkubwa. Sheria inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Akirudi, ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Haruhusiwi kupewa kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na kupulizia dawa shambani ni mojawapo.

Mwenye duka mwenye mfanyakazi mmoja anayemlipa Sh200,000 kwa mwezi akipiga hesabu, siku 84 ni kama miezi 2.8, sawa na Sh560,000. Juu yake aweke malipo ya mtu wa kushika nafasi. Kwa mtaji mdogo, hilo si jambo la kupuuza. Ndiyo maana yule wa kwenye nguzo ya umeme aliandika "asiwe na mtoto". Hakuwa na chuki na watoto. Alikuwa anaikwepa Sh560,000.

Hapa soko halitamrekebisha, kwa kuwa anayekwepa anapata na anayetii anabeba mzigo. Akitii mmoja na wenzake kumi wakakwepa, mtiifu atauza bidhaa kwa gharama kubwa kuliko wao. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kuwapo sheria: kuufanya mzigo uwe wa wote, ili muungwana asiadhibiwe kwa uungwana wake.

Mzigo wenyewe nao unabebeka ukipangwa mapema. Kwa utaratibu wa sheria ya 2004, likizo ya uzazi huhesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, na mwajiri anawajibika kwa vipindi vinne vya likizo hiyo kwa mfanyakazi mmoja. Gawa Sh560,000 kwa 36 utapata chini kidogo ya Sh16,000 kwa mwezi. Mfanyabiashara anayeweka akiba ya kodi ya pango anaweza kuweka na hiyo. Aidha, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) una fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango. Mwajiri asiyewasajili wafanyakazi wake anajinyima na yeye mwenyewe.

Maoni yangu ni kwamba huko ndiko tunakopaswa kwenda. Gharama ya uzazi ikibebwa na mfuko unaochangiwa na waajiri wote, bila kujali wana wanaume wangapi na wanawake wangapi, mwenye duka hatakuwa na sababu ya kumwogopa binti mwenye mtoto.

Tundu la miezi sita

Kuna mahali ambapo sheria yenyewe imeacha tundu, na wenye mashamba makubwa wanalijua. Masharti yanayozuia kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu mfanyakazi aliyefanya kazi kwa mwajiri yuleyule chini ya miezi sita. Ndiyo maana wapo wanaoajiri kwa miezi mitano, wakamaliza, wakaajiri tena. Kibarua anarudi kila msimu kwa miaka saba, na kila mara anahesabiwa kuwa ni mgeni.

Wakati mmoja nilikuwa nikifuatilia gharama za ufungashaji kwenye shamba moja la mboga ambalo sitalitaja. Kila mwezi wa tano wa mkataba orodha ya majina ilichujwa. Wanaume wengi waliitwa tena. Wanawake ambao ujauzito wao ulikuwa umeanza kuonekana hawakuitwa. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna neno baya lililosemwa. Majina yao hayakusomwa tu getini asubuhi ile.

Msomaji azingatie mambo mawili hapa. La kwanza, kipindi cha miezi sita kinahusu masharti ya kuachishwa kazi. Hakigusi katazo la ubaguzi. Kifungu cha 7 kinamlinda hata aliyefanya kazi siku moja, na hata yule aliyekuwa bado anaomba. Mwanamke aliyerukwa getini kwa sababu ya mimba ana madai, ijapokuwa hakufikisha miezi sita.

La pili, katika suala la likizo sheria iliwakumbuka watu wa msimu. Kwa kawaida asiyefikisha miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Hata hivyo, aliyeajiriwa kwa msimu anayo haki hiyo. Vilevile aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka anaipata iwapo vipindi vyake vikijumlishwa vinazidi miezi sita katika mwaka huo. Ujanja wa kukata mkataba vipande haufuti jumla.

Ukibaguliwa, fanya haya

Kwanza, andika. Tarehe, mahali, aliyesema nini, waliokuwapo. Hifadhi kitambulisho cha kazi, karatasi za malipo, ujumbe wa simu, hata picha ya tangazo. Mjamzito amtaarifu mwajiri mapema: sheria ya 2004 inataka taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.

Pili, lizungumze kazini kama inawezekana, au kupitia chama. Wafanyakazi wa mashambani wana chama chao, TPAWU.

Tatu, angalia kalenda. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa kujaza fomu maalumu. Kwa kanuni za 2007, aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingine ina siku 60. Wengi hupoteza haki zao kwa kusubiri "mambo yatulie". Siku hazisubiri mambo yatulie.

Nne, usiogope kwamba huna ushahidi wa kutosha. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kifungu cha 7. Mfanyakazi akishaonyesha ushahidi wa awali kwamba amebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye wa kuthibitisha kuwa ubaguzi haukutokea, au kwamba alichofanya kilitokana na hitaji halisi la kazi. Sheria inatambua kuwa karatasi ziko kabatini kwa mwajiri, na mwenye kabati ndiye afungue.

Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi, na linaweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, hivyo lugha isiwe kisingizio cha kukaa kimya.

Kwa upande wa mwajiri, kubagua ni kosa, na sheria ya 2004 iliweka faini isiyozidi Sh5 milioni. Kwa mkulima wa ekari tano, faini hiyo inaweza kumeza mavuno ya zaidi ya msimu mmoja.

Na mwajiri mdogo je?

Mkulima na mfanyabiashara mdogo hahitaji mwanasheria ili awe salama. Ushauri wangu ni huu.

Lipa kwa kipimo cha kazi. Ngwe iwe na bei moja, awe ameipalilia baba au mama. Gunia liwe na bei moja la kupakia. Ukilipa kwa siku, kiwango kiwe kimoja kwa kazi moja, na kisipungue kima cha chini kilichotangazwa na Serikali kwa sekta yako.

Andika masharti ya kazi, hata ukurasa mmoja wa daftari wenye saini za pande zote mbili: kazi gani, muda gani, malipo kiasi gani. Usipokuwa na maandishi na mgogoro ukatokea, sheria inakutaka wewe ndiye uthibitishe masharti yalikuwa yapi.

Unapotangaza kazi, taja kazi. Andika "Anahitajika muuzaji wa pembejeo anayejua kusoma, kuandika na kutunza hesabu." Utapata watu bora zaidi kuliko kwa kutaja umri na sura.

Usimpime mtu virusi vya Ukimwi, wala usimtume kupima kama sharti la ajira. Anayetumia dawa vizuri analima, anauza na anabeba kama mwingine yeyote.

Msimu unapokwisha na unataka kuwaita baadhi tena, weka kigezo kinachoeleweka, kwa mfano mahudhurio au kiasi cha kazi, na ukitangaze mapema. Kigezo kilichojulikana tangu mwanzo ndicho kitakachokutetea siku ukiulizwa kwa nini fulani hukumwita.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yule mzee wa Morogoro alikuwa na daftari, na hilo ndilo lililomfanya awe mkulima mzuri. Siku mmoja wa wale wanawake akienda CMA, ukurasa ule wa palizi ungekuwa ushahidi wa kwanza mezani, na yeye angetakiwa kueleza safu ya pili ilitoka wapi. "Ndivyo bei ya huku ilivyo" si jibu ambalo sheria inalikubali.

Lakini kurekebisha kungemgharimu mstari mmoja wa kalamu: kufuta maneno mawili yaliyotaja jinsi, na kuandika juu yake "palizi, kwa ngwe". Nami, nikirudi kwenye dodoso lile, ningeacha namba zote mbili zionekane. Mkulima anayesoma haya jioni ya leo afungue daftari lake la msimu, atafute ukurasa wa vibarua, ahesabu safu.